Idara Iliyofuta Ukosefu wa Kazi

Jumatatu moja, saa mbili kamili asubuhi, ukosefu wa kazi ulifutwa rasmi. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, likarudiwa mchana, na jioni likasomwa tena kwa sauti nzito zaidi, ili asije mtu akasema hakusikia. Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Uoanishaji wa Watu na Kazi alieleza kwamba tangu sasa hakuna raia atakayehangaika kutafuta kazi. Kazi ndiyo itakayomtafuta raia, itampata alipo, na itamwita kwa simu. Mfumo mpya wa kompyuta umepokea habari za kila mtu na habari za kila nafasi, ukaziweka pamoja, ukazioanisha. Kiwango cha kuoana, alisema, ni asilimia mia. Si tisini na tisa. Mia.

Walikuwepo watu wa midomo isiyo na breki waliouliza mbona bado wanaona vijana wamekaa vibarazani kutwa nzima wakitazama magari yanavyopita. Watu hao walijibiwa vizuri tu na kwa upole. Wale si watu wasio na kazi, waliambiwa. Wale ni watu wanaosubiri ujumbe.

Mmoja wa waliokuwa wakisubiri ujumbe, kwa lugha hiyo mpya, alikuwa binti aliyeitwa Twiga. Jina hilo alilipata shuleni alipoanza kurefuka bila kuomba ruhusa ya mtu, likamganda, mpaka mama yake mzazi naye akasalimu amri akaanza kumwita hivyo hivyo. Alikuwa mtengeneza programu za kompyuta, tena si wa kubabaisha. Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ilifunga milango ghafla, mwenyewe akatokomea na funguo, na Twiga akarudi nyumbani na kompyuta yake ya mapajani na kikombe cha chai alichokiokoa mezani. Mama yake, mshona sare za shule, kila asubuhi alimtupia jicho juu ya cherehani.

"Simu haijalia?"

"Imelia, mama. Kampuni ya simu. Wananiuliza kama nataka wimbo mpya wa kumliwaza anayenipigia."

"Na nani anakupigia?"

"Wao wenyewe."

Mama alikanyaga cherehani kwa nguvu, na hayo yalikuwa maoni yake.

Lakini Twiga alikuwa na bahati ambayo wengi hawakuwa nayo. Kazi aliyoitaka ilikuwepo, na yenyewe ilimtaka. Juu ya duka la fundi viatu, ukipanda ngazi inayonuka gundi, kulikuwa na vyumba viwili vya mwanamke mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kampuni. Zamani alikuwa muuguzi. Alichoka kuona dawa zinamwagwa shimoni kwa sababu muda wake umepita, ilhali dirisha la pili mgonjwa anaambiwa dawa hiyo hiyo hakuna, arudi wiki ijayo. Akaacha sindano, akaanza kutengeneza programu ya kuzikumbusha zahanati dawa ipi inakaribia kuharibika na nani anaihitaji leo. Ilikuwa nusu nzuri, nusu mbovu. Twiga alipewa kipande kilichoshindikana ili akijaribu, akakikalia, na kabla chai haijapoa kikaanza kufanya kazi. Mama Kampuni alimkumbatia mpaka miwani ikamtoka.

"Kiti chako ni kile pale dirishani," alimwambia. "Ila mwanangu, siku hizi mimi siruhusiwi kuajiri hata paka bila Idara. Wakikuoanisha na mimi, njoo siku hiyo hiyo. Hospitali wanaoitaka programu hii wamesema watanisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo wanarudi kwenye makabrasha yao, na mimi narudi kuwachoma watu sindano."

Twiga alitoka pale miguu haigusi chini. Alijiandikisha kwenye mfumo siku ile ile. Penye urefu aliandika urefu, penye saizi ya viatu akaandika saizi ya viatu, na penye ujuzi akaandika kwa kirefu, kwa ukweli, bila kutia chumvi. Kisha akakaa na simu mkononi.

Ujumbe ulikuja. "HONGERA! Umeoanishwa. Nafasi: mpuliza tarumbeta kubwa, bendi ya zimamoto. Kiwango: asilimia mia. Jibu ndani ya siku tatu. Kukubali, bonyeza moja. Kukataa, bonyeza mbili, kisha andika tathmini ya maneno yasiyopungua mia mbili."

Twiga ni mtu aliyefundwa. Alikaa akaandika tathmini yake kwa adabu zote. Alieleza kwamba anaiheshimu bendi, anayaheshimu matarumbeta, na nchi bila zimamoto itateketea, ila mapafu yake hayajawahi kupuliza kitu kikubwa kuliko puto. Alijibiwa papo hapo kwamba tathmini yake imepokelewa kwa furaha.

Ujumbe wa pili ulimpa kazi ya kulalia magodoro kiwandani na kuandika ripoti jinsi alivyolala.

"Hii sasa ungeichukua," alisema mama. "Kazi ya kulala! Mimi mwenyewe ningeichukua, mgongo wangu huu ukapumzike."

"Nikikubali moja, nyingine zote zinafungwa, mama. Na ya Mama Kampuni itafungwa."

Akabonyeza mbili. Safari hii tathmini haikupokelewa kwa furaha. Ilipokelewa na onyo: raia akikataa mara tatu ataandikwa Mkaidi wa Fursa, na Mkaidi wa Fursa haajiriwi na yeyote, popote, kwa mwaka mzima. Kabla hajamaliza kulisoma onyo lenyewe, ujumbe wa tatu ukaingia. Golikipa, timu ya wanaume, kiwanda cha sabuni. Asilimia mia. Mazoezi Jumamosi. Njoo na glavu.

Mama aliichukua simu, akausoma, akamtazama mwanawe kuanzia juu mpaka chini, safari ndefu kidogo.

"Wewe? Uliyekuwa ukifumba macho nikikurushia kipande cha sabuni bafuni?"

"Mama, tafadhali."

"Haya, nimenyamaza." Lakini hakunyamaza, maana uso wake ulibadilika. "Ukikataa hii wanakuandika, Twiga. Mwaka mzima. Naogopa, mwanangu. Nenda kaongee nao, wewe una maneno mazuri. Na ukaoge kwanza."

Idara ilikuwa jengo la ghorofa nne lenye lifti inayopanda tu. Kushuka, watu walishuka kwa miguu. Ukumbi wa chini ulikuwa na madirisha saba, na sita yalikuwa yamefungwa kwa sababu makarani wake walikuwa bado hawajaoanishwa. Foleni yote ilikwenda dirisha la tatu, kwa karani mwanamke aliyekuwa akifuma sweta la rangi ya kijivu. Alifuma akiuliza maswali, alifuma akigonga mihuri, na alifuma huku akimwambia mtu arudi kesho. Sweta lilikuwa limefika kwapani.

Mbele ya Twiga alisimama mwanamume mwenye mabega ya kushuka na mikono mipana ajabu, aliyekuwa akiipapasa simu yake kwa woga. Akageuka.

"Dada, samahani. Wewe unaonekana msomi. Eti mtengeneza programu ndiye mtu gani?"

"Ndiye mimi. Kwa nini?"

"Wamenipa. Nianze mara moja. Juu ya fundi viatu, kwa mama mmoja hivi." Alishusha sauti. "Kompyuta mimi nimeiona kwa shemeji yangu tu. Imefunikwa kitambaa, haiguswi na mtu. Na siwezi kukataa, nimekwisha kataa mbili. Ya kwanza mkunga. Ya pili kufundisha watu kuogelea, na mimi maji yakifika magotini naanza kuita watu."

Twiga aliinama akaisoma simu ile. Kiti chake cha dirishani kilikuwa kimesimama hapo mbele yake, kwenye simu ya mtu mwingine.

"Kaka," alisema polepole, "wewe ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Mimi? Watu wananiita Mikono. Golikipa wa kiwanda cha sabuni, miaka na miaka. Mfumo umekuja, wakasema nafasi yangu imepata mtu anayeoana nayo zaidi. Sijui ni jitu gani hilo. Nasikia ni refu kweli kweli."

"Ndiye mimi," alisema Twiga.

Walitazamana. Kisha Mikono akaanza kucheka, na Twiga naye akashindwa kujizuia, wakacheka mpaka foleni nzima ikaingiwa na wivu. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi mno. Wewe chukua yangu, mimi nichukue yangu, tuagane kwa heri. Walifika dirishani wakiwa wamejaa matumaini.

"Kubadilishana nafasi," alisema karani bila kuinua macho, "ni ulanguzi wa fursa."

"Basi tunaomba kibali."

"Kibali kinatolewa na afisa wa vibali."

"Yuko wapi?"

"Hajaoanishwa. Wa mwisho kuletwa alikuwa mfuga nyuki. Alikaa nusu saa, akauliza nyuki wako wapi, akaondoka zake."

Twiga alivuta pumzi. "Dada yangu, huu mfumo unatazama nini hasa ukimwoanisha mtu?"

Karani alihesabu mishono kwanza. "Urefu. Umbali wa kutoka nyumbani. Kundi la damu. Saizi ya viatu. Mwezi wa kuzaliwa."

"Na ujuzi?"

"Ujuzi ulitolewa."

"Ulitolewa?"

"Ulikuwa unashusha asilimia."

Hapa inafaa kusimama kidogo tuipe Idara haki yake, kwa sababu jambo hili halikufanywa kiholela. Mfumo ulipojaribiwa mara ya kwanza ulitoa asilimia thelathini na kitu, aibu tupu. Iliundwa kamati. Kamati ilijifungia hotelini wiki nzima, ikala, ikafikiri, ikala tena, ikagundua kwamba kila kipengele kinakwenda vizuri isipokuwa kimoja kikorofi, nacho ni ujuzi. Palipotakiwa daktari, mfumo ulikuwa unang'ang'ania daktari. Ujuzi ukaondolewa na asilimia ikaruka hadi tisini na nane. Wakaondoa na mshahara anaoutarajia mtu, ikafika mia, wajumbe wakapigiana makofi. Mjumbe mmoja tu alinyoosha kidole akauliza swali. Siku mbili baadaye alioanishwa na kazi ya kutunza mnara wa taa, kwenye kisiwa.

"Lakini huo ujuzi wameufuta, au wameuzima tu?" aliuliza Twiga.

Kwa mara ya kwanza karani aliinua macho. Kisha akafanya jambo ambalo foleni ile ilikuwa haijawahi kuliona. Aliliweka sweta mezani.

"Wewe ni mtengeneza programu wa kweli? Si wa kuoanishwa?"

"Wa kweli."

"Ngoja hapo. Usiende popote. Na wewe kaka, kama uko naye, ngoja."

Ikawa hivi. Tangu jana yake mfumo ulikuwa umekwama kabisa, hautumi hata salamu. Ijumaa Waziri anakuja na kamera zake kubonyeza kitufe cha kusherehekea asilimia mia. Idara ilikuwa na mtengeneza programu wake, ndiyo, aliyepatikana kwa mfumo wenyewe. Alikuwa mwoka mikate. Kijana mwenye nidhamu ya hali ya juu, anayefika kabla ya jua kuchomoza na kuifuta kompyuta unga ambao haukuwepo. Zaidi ya hapo hakuigusa, aliogopa ataiharibu.

Twiga alipandishwa na lifti hadi ofisi ya Mkurugenzi Mkuu. Mle ndani zulia lilizama mpaka kwenye vifundo, na meza ilikuwa na simu tatu, moja ikiwa imeunganishwa. Mkurugenzi Mkuu alikuwa mtu wa tai pana na sauti ya redioni hata akiomba maji.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Binti, nikuondoe wasiwasi. Mfumo hauna tatizo lolote. Umesimama tu."

"Umesimama, na hauendi?"

"Unatafakari. Nataka utafakari haraka."

Twiga aliteremka chumba cha kompyuta, akaketi nayo kwa muda, mwoka mikate akimshikia waya kwa mikono miwili. Hakuchukua muda kuona. Vipengele vilikuwa vimepunguzwa na kupunguzwa mpaka kila mtu anafaa kila kazi, na mashine ya watu ikawa inazunguka tu, haijui imwanze nani.

"Ujuzi umezimwa, haujafutwa, Mheshimiwa," alirudi kumwambia. "Watu waliandika, na waajiri waliandika wanachotaka. Vyote vimo. Nikiuwasha, mfumo utakwenda."

"Na asilimia itashuka." Alilisema kama mtu anayetaja msiba.

"Si lazima. Tumtumie ujumbe yule tu aliyeoana kweli. Wengine wasubiri."

Mkurugenzi Mkuu alifumba macho, akaizungusha kichwani. "Kwa hiyo kila atakayepata ujumbe, ni mia."

"Kila atakayepata."

"Sasa hapo unaongea, binti! Ila usiniombe kazi. Huo utakuwa upendeleo, na mimi upendeleo siutaki hata kuusikia."

"Siombi kazi. Naomba tu yule kaka wa chini na mimi tusihesabiwe kukataa mpaka mfumo uzunguke upya. Ukituoanisha vingine kwa haki, sawa, tutakubali."

Alikubali kwa kutikisa mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Twiga akashuka kwa miguu akaanza. Alifanya kazi siku hiyo na siku iliyofuata, na mwoka mikate, kwa furaha ya kupata mtu wa kumhudumia, alimletea mkate wa moto kutoka nyumbani. Nafasi zote za nchi zilipita mbele ya macho yake, kila moja na ujuzi inaoutaka: kushona majeraha, kunoa misumeno, kutunza maktaba, kuzuia mipira. Alipoifikia ya Mama Kampuni aliitazama kidogo, akajikaza, akaiacha ilivyo bila kuongeza hata nukta. Moja tu katika hizo zote ilikuwa tupu. Aliisoma mara mbili, akapanda lifti.

"Mheshimiwa, kuna nafasi moja haikuandikwa inataka ujuzi gani."

"Mzembe gani huyo? Nipe jina lake."

"Ni nafasi yako."

Mkurugenzi Mkuu aliegemea kiti, akatabasamu kwa huruma. "Binti, ujuzi ni mambo ya walio chini. Huku juu tuna dira."

"Niandike dira?"

"Usiandike! Ukiiandika, watu wataanza kuipima."

"Nikiacha patupu, mfumo utaona kazi hii haihitaji chochote. Kila mtu atafaa."

"Nafasi hii ina mtu."

"Mfumo haujui, Mheshimiwa. Wewe hujaandikishwa."

"Wakurugenzi hatuandikishwi. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe, usiku wa homa."

"Ndiyo maana nimeona nije nikukumbushe. Neno moja tu litatosha. Lolote unalolijua."

Alisubiri. Kwa kweli alisubiri, kalamu mkononi, na moyoni alikuwa anamtakia neno. Mkurugenzi Mkuu alitazama dari, akatazama simu tatu, akatazama tai yake. Kisha akapandisha mabega.

"Nani mkurugenzi hapa, mimi au wewe?"

"Wewe, Mheshimiwa."

"Basi acha patupu."

Twiga akaacha patupu.

Ijumaa ukumbi ulifurika. Kulikuwa na maua ya plastiki yaliyooshwa kwa sabuni, viti vya mbele vyenye vitambaa, na kitufe chekundu kikubwa kama sahani, ambacho hakikuunganishwa na kitu chochote. Cha kweli kilikuwa nyuma ya pazia, chini ya kidole cha mwoka mikate. Twiga na Mikono walisimama ukutani karibu na mlango. Mikono alikuwa ameshika glavu zake kwapani, kwa lolote litakalotokea.

"Ikinipa tena ukunga?" alinong'ona.

"Haitakupa."

"Mke wangu ameacha kula, dada. Anasema nitaua mtoto wa watu."

Twiga alikuwa akihesabu siku. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumatatu. Ikiwa alikosea mahali popote, hata padogo, kiti cha dirishani kimekwenda.

Mkurugenzi Mkuu alihutubia. Alisema nchi nyingine zitakuja kujifunza. Alisema hakuna raia aliyesahauliwa, na kila atakayepokea ujumbe leo ajue ujumbe huo hauna makosa, haujadiliwi na haukataliki ovyo, na kwamba mtu yeyote asiyeoanishwa hawezi kushika kazi yoyote, awe mkubwa awe mdogo, kwa kanuni zilizoandikwa kwa mkono huu. Akauinua mkono huo, ukapigwa picha. Waziri akabonyeza sahani nyekundu. Nyuma ya pazia mwoka mikate akasema bismillahi, naye akabonyeza.

Simu ya Twiga ilitetemeka. Aliifungua kwa jicho moja. Mtengeneza programu, vyumba vya juu, kwa fundi viatu. Asilimia mia. Machozi yalimtoka palepale, hakuona haya, na kabla hajayafuta aliinuliwa juu, urefu wake wote, na mikono miwili mipana.

"Langoni!" alipiga kelele Mikono. "Nimerudi langoni!"

Ilikuwa furaha ya kweli, na ilidumu kiasi cha kutosha kupangusa uso. Kisha simu ya Twiga ikatetemeka tena. Ya Mikono nayo. Ya mpiga picha ikalia, ya dereva wa Waziri ikalia, ya mama wa kupanga viti ikalia ndani ya blauzi yake, na mara ukumbi mzima ukawa unalia, na nje mtaani simu zikaitikia, duka hadi duka.

"Mkurugenzi Mkuu?" alisoma mpiga picha kwa sauti. "Mimi?"

"Hata mimi!" alisema dereva.

"Asilimia mia," alisema mama wa viti, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa.

Mwisho ikalia simu ya Waziri mwenyewe, ambaye alijiandikisha wa kwanza nchini, mbele ya kamera, ili kuwatia watu moyo. Aliusoma ujumbe wake akiwa ameusogeza mbali na macho. Alikuwa ameoanishwa na cheo kilicho chini yake, alitakiwa kujibu ndani ya siku tatu, na akikataa aandike maneno mia mbili. Shingo yake ilikunjamana.

Mtu mmoja tu humo ndani hakupata kitu. Mkurugenzi Mkuu aliitoa simu yake, akaitikisa, akaizima, akaiwasha. Ilikuwa kimya kabisa.

"Mheshimiwa Waziri," alianza, na sauti ya redioni ilikuwa imemwishia, "hii ni hitilafu ndogo..."

"Umesema ujumbe hauna makosa," alisema Waziri. "Umesema asiyeoanishwa hashiki kazi. Umeinua na mkono. Mimi siwezi kuvunja kanuni nzuri namna hii, ndugu yangu. Nenda kajiandikishe."

Jumatatu asubuhi Twiga alipita Idara kugongewa muhuri, maana Mama Kampuni alikwisha mpigia simu tangu alfajiri akimwambia hospitali wamekubali, kiti kimepanguswa, na aje na kikombe chake. Hakuamini alichokikuta. Nchi nzima iliogopa kuandikwa mkaidi, kwa hiyo wote ambao mfumo haukuwapa nafasi nyingine waliitikia wito. Foleni ya kwenda kuwa Mkurugenzi Mkuu ilitoka mlangoni, ikapita posta, ikakata kona, ikaelekea sokoni. Watu walikuwa wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Wengine walibeba vigoda, na mzee mmoja alikuwa akiwauliza wenzake kama wakurugenzi hupewa chakula cha mchana.

Mwisho kabisa wa foleni, kwenye mabanda ya nyanya, alimwona mwanamke amevaa gauni la sikukuu na mkoba uliotoka kabatini.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kazini," alisema mama. "Nimechelewa kidogo, nilikuwa namalizia sare. Nasikia kuna zulia."

"Mama, rudi nyumbani."

"Nikaandikwe mkaidi, uzee wote huu? Nenda zako kazini, mwanangu, usinicheleweshe kwenda ofisini kwangu. Nimefurahi wewe umepata yako, nimefurahi sana. Jioni tutaongea kama wakubwa wawili."

Dirisha la tatu halikuwa na foleni. Safari hii watu wote walikuwa upande ule mwingine. Alisimama mtu mmoja tu mbele ya Twiga, mwenye tai pana. Karani alikuwa ameanza mkono wa pili wa sweta.

"Picha mbili," alisema karani.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Picha mbili. Urefu?"

Alitaja urefu. Alitaja saizi ya viatu, na mwezi wa kuzaliwa, na kundi la damu hakulijua, likaachwa.

"Ujuzi?"

Sindano za kufumia ziligongana taratibu. Mkurugenzi Mkuu aligeuka nyuma, akamwona Twiga, na usoni hakuwa na ukubwa wowote, alikuwa mtu mzima aliyechoka ambaye hakulala.

"Binti. Pale... niandike nini?"

Twiga alimwonea huruma, na hakutarajia. "Andika unachokijua, mzee. Hata kidogo."

Aliigusa tai yake, akaiachia. Mwisho akamgeukia karani. "Acha patupu."

"Asiye na ujuzi wowote," alisema karani akipekua kompyuta kwa kidole kimoja, "zipo nafasi... hapana. Ipo moja tu."

"Ipi?"

"Mkurugenzi Mkuu. Asilimia mia."

Uso wake ulichanua. Akanyoosha tai, akakohoa, na sauti ya redioni ikarudi taratibu mahali pake. "Nilijua! Mfumo wangu haukosei. Haya, nigongee muhuri nipande."

Karani akagonga muhuri wa Twiga, kisha wa mwenye tai. "Nimekugongea, mzee. Foleni ni ile ya nje. Ukifika sokoni, mtu wa mwisho ni mama mmoja mwenye gauni la sikukuu."

Twiga alitoka na kikombe chake mkononi, akielekea kwa fundi viatu, na kwenye kona ya posta aliisikia sauti ya mama yake ikipanda juu ya makelele ya soko.

"Ah-ah, kaka, usiruke foleni! Rudi nyuma yangu. Hapa hakuna aliyemzidi mwenzake, sote ni asilimia mia."